Kujitengenezea risasi za magnamu dhidi ya wanyama waharibifu: je, jambo hili lina nafasi kwetu Nakuru?

Mkulima wa Njoro anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninalima ngano na viazi upande wa juu wa Njoro, karibu na Msitu wa Mau, na msimu huu wanyama wamenila kweli kweli. Nyani hushuka asubuhi umande ukiwa bado haujakauka, nungu huja usiku na kufukua viazi mstari kwa mstari, na fuko yuko chini ya ardhi saa zote.

Nina binamu anayeishi Montana, Marekani, katika eneo la wafugaji. Ameniandikia kwamba huko yeye na majirani zake huwapiga kindi wa ardhini wanaotoboa malisho, tena kwa umbali wa mita 300 na zaidi, kwa raifeli yenye darubini na kwa risasi ambazo hujitengenezea mwenyewe mezani nyumbani kwake. Anasema risasi za namna hiyo hulenga vizuri kuliko za dukani, na kwamba zile za magnamu ndizo zenye kasi kubwa zaidi.

Ninaomba wenye ujuzi wanieleze mambo matatu. Kwanza, kazi hiyo hufanywaje, na kwa nini mtu ajisumbue nayo ilhali maduka yapo? Pili, je, mkulima wa Kenya aliye na cheti cha bunduki anaweza kuifanya? Tatu, je, ingenisaidia dhidi ya wanyama niliowataja? Ninauliza kwa dhati, kwa sababu nimechoka kupanda nisichokivuna.

Mwana wa Kaimosi, aliyeko Marekani, anajibu:

Pole sana, ndugu Mkulima. Nimeishi huku miaka mingi na kazi hiyo naifahamu, kwa hiyo nitajibu swali lako la kwanza, na la pili nitawaachia walio nyumbani.

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki ya kuwashia iliyo kwenye kitako chake, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Risasi ikishapigwa, ganda hubaki zima, na kwa kuwa ganda ndilo sehemu ya bei kubwa, watu waligundua zamani kwamba linaweza kusafishwa, kurudishwa kwenye umbo lake kwa kinu cha mkono (mashine ndogo ya kukandamiza), kutiwa fataki mpya, kupimiwa baruti kwenye mizani na kufungwa kichwa kipya. Gharama hupungua, lakini sababu kubwa kwa mlengaji wa mbali ni usawa. Kiwanda hutengeneza risasi itakayoingia katika kila bunduki ya aina hiyo duniani, ilhali anayejitengenezea huishona kwa ajili ya mtutu mmoja tu, ule alio nao, mithili ya fundi cherehani anayempima mteja wake kabla ya kukata kitambaa. Kila ganda likiwa na baruti ya uzito uleule na kila kichwa kikikaa kwa kina kilekile, risasi hutoka kwa kasi inayokaribiana, na kwa mita 300 tofauti ndogo ya kasi ndiyo inayoamua kama utampata mnyama mwenye ukubwa wa chupa ya soda au utapiga udongo.

Uwindaji huo wa wanyama wadogo ndio uliozaa risasi nyingi zenye kasi. Mwaka 1935 kampuni ya Winchester ilitoa risasi iitwayo .220 Swift, ambayo kichwa chake cha gramu 3.1 hutoka kwa zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde. Ile .22-250 ilitengenezwa na mafundi wa nyumbani kutokana na ganda la .250 Savage, wakaitumia miongo kadhaa kabla kampuni ya Remington haijaiingiza kiwandani mwaka 1965. Remington hiyohiyo ilikuwa imetoa .222 Remington Magnum mwaka 1958. Magnamu maana yake kwa ufupi ni ganda lenye nafasi kubwa ya baruti kuliko wenzake wa kipenyo hicho. Angalizo hapa: ukisikia mtu akisema anatumia .22 Magnum au .17 HMR kwa wanyama wadogo, hizo hazijazwi upya, kwa kuwa kemikali ya kuwashia imemwagwa ndani ya ukingo wa kitako chenyewe na ukingo huo hubonyezwa ukaharibika kabisa risasi inapopigwa.

Sasa nije kwenye hatari, kwa maana hapo ndipo watu huumia. Magnamu nyingi kubwa, kama .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963, zina mkanda wa shaba unaozunguka sehemu ya chini ya ganda, urithi uliotoka kwa mafundi wa bunduki Holland & Holland wa Uingereza. Mkanda huo ndio unaoizuia risasi isizame mno ndani ya chumba (mahali inapokaa kabla ya kupigwa), hivyo kiwanda hakijali sana kama bega la ganda, pale linapoanza kuwa jembamba kuelekea mdomo, linagusa ukuta wa mbele au la. Risasi ikipigwa, ganda hunyooka mbele kujaza nafasi iliyobaki, na shaba hupungua unene juu kidogo ya mkanda. Mtu akilirudisha bega nyuma kabisa kila anapolijaza, ganda litanyooka tena na tena hadi siku moja likatike vipande viwili ndani ya bunduki, na gesi yenye joto kali itafute njia ya kurudi usoni kwake. Ndiyo maana fundi makini hulisukuma bega nyuma kwa unene wa karatasi tu.

Njia ya kulikagua ganda ni nyepesi, na nimeona hata wazee wa miaka themanini hawaiachi. Mtu huchukua kibanio cha karatasi, hukinyoosha na kukunja ncha yake iwe ndoana ndogo sana, hukiingiza kupitia mdomo wa ganda hadi chini kabisa, kisha hukipandisha polepole huku ncha ikikwaruza ukuta wa ndani. Ganda zima huteleza vizuri. Ganda lililochoka huwa na mfereji mwembamba juu ya mkanda, na ncha hukwama hapo ukausikia mkwamo huo kwenye vidole kabla jicho halijaona lolote. Ganda hilo hupondwa kwa koleo papo hapo lisije likarudi kwenye sanduku.

Baruti nayo ina nidhamu yake. Kipimo hutoka katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, wala hakitoki kwa rafiki au kwenye mtandao, na ndiyo sababu mimi mwenyewe sitaandika kipimo chochote hapa. Mezani hukaa kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja, kwa sababu aina mbili zinaweza kufanana kwa macho na kuungua kwa mwendo tofauti kabisa. Huanzwa kwa kipimo cha chini kilichochapishwa na kupandishwa kidogo kidogo huku dalili za shinikizo zikitazamwa: komeo la bunduki linalokuwa gumu kuinua, fataki iliyobapwa hadi kingo zake kupotea, doa linalong'aa kwenye kitako cha ganda. Wala mtu asidhani kwamba kupunguza chini ya kiwango cha kitabu ni usalama, kwa kuwa baruti ya mwendo wa polepole ikiwa kidogo mno ndani ya ganda kubwa inaweza kuleta shinikizo lisilotabirika. Joto pia huongeza shinikizo, na risasi iliyoachwa juani kwenye dashibodi ya gari siyo tena ile iliyopimwa asubuhi.

Kwa hiyo binamu yako hakukudanganya. Lakini anafanya hivyo mahali ambapo malisho ni wazi kwa kilomita nyingi, sheria inamruhusu, na mnyama anayempiga ana uzito usiozidi kilo moja hivi.

Mlenga Shabaha wa Nakuru anajibu:

Nimesoma maelezo ya ndugu wa Kaimosi kwa makini na ninayaunga mkono. Mimi nina cheti cha bunduki na hulenga shabaha kama mchezo, kwa hiyo nitajibu swali la pili bila kuzunguka: kwa mkulima wa Kenya, jambo hili halipo.

Kuna milango mitatu, na yote imefungwa. Mlango wa kwanza ni uwindaji wenyewe. Serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori Mei 1977, na marufuku hiyo haijaondolewa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda nyani wa Mau kama inavyomlinda swara, na haijalishi kwamba ameingia katika shamba lako. Mnyama msumbufu akihitaji kuondolewa au kuuawa, kazi hiyo ni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wala si ya mwenye shamba.

Mlango wa pili ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Cheti chako kinataja silaha uliyoruhusiwa pamoja na kiasi cha risasi, na risasi zenyewe hununuliwa kwa muuzaji aliyesajiliwa. Kutengeneza risasi bila idhini ni kosa, na sijui hakimu atakayekubali utetezi wa viazi. Hapa nchini risasi hutengenezwa na kiwanda cha serikali kilichoko Eldoret, Kenya Ordnance Factories Corporation, kilichoanzishwa mwaka 1997. Mlango wa tatu ni Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, inayosimamia uingizaji, uhifadhi na umiliki wa baruti. Hata ungelipata ganda, fataki na kinu cha mkono, kopo la baruti peke yake lingekufikisha mahakamani.

Ninajua wapo wanaosema kwamba sheria hizi zinamwonea mkulima. Mimi naona zina busara kubwa kwa mazingira yetu. Fikiria mashamba ya Njoro, Molo au Bahati yalivyogawanywa: ekari mbili zangu, ekari tatu za jirani, nyumba kila baada ya hatua chache, na watoto wanaopita vichochoroni kwenda shuleni. Hata risasi ndogo ya .22 LR hubaki na uwezo wa kudhuru zaidi ya kilomita 1 ikikosa shabaha, na risasi ya raifeli ya magnamu huenda mbali kuliko hiyo kwa kilomita kadhaa. Kule Montana kilima kilicho nyuma ya shabaha hupokea risasi. Hapa kwetu nyuma ya nyani kuna jiko la mtu.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Vichwa vinavyotumika kwa wanyama wadogo vina ngozi nyembamba, vimekusudiwa kupasuka mara tu vinapogusa kitu, na hilo hupunguza hatari ya risasi kuruka ikigonga jiwe. Ukikipiga kichwa hicho kwa ngiri au nyani dume, kitapasukia juu ya msuli au mfupa bila kufika ndani, na mnyama ataondoka na jeraha pana linalooza. Nyani aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila atakayekutana naye kijijini, na kumtesa mnyama hivyo ni jambo ambalo hata wawindaji wa huko ng'ambo hulichukia.

Kuhusu fidia, sheria ya 2013 ilianzisha kamati katika kila kaunti, na uharibifu wa mazao hupelekwa huko kupitia ofisi ya KWS. Tembo, nyati na kiboko wamo katika orodha ya wanyama wanaolipiwa mazao, lakini nyani na tumbili hawakuwekwa, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kasoro kubwa ambayo wabunge wa maeneo yetu wanapaswa kuirekebisha. Hata hivyo, ripoti kila tukio. Piga picha, andika tarehe, mpelekee afisa. Ofisi isiyo na malalamiko yaliyoandikwa haitatuma askari wake.

Mama Ahero anajibu:

Ndugu Mkulima, pole na kazi. Mimi sina bunduki wala sina haja nayo, lakini nimezaliwa na kulelewa katika mashamba ya mpunga ya Ahero, nami nataka kujibu swali lako la tatu, kwa sababu naona limepita katikati ya watu wakizungumzia bunduki.

Sisi adui yetu ni kwelea. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, na anaweza kula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Mmoja si kitu. Kundi linalofunika jua ni njaa. Mwanzoni mwa mwaka 2023 walituvamia huku Kisumu hadi serikali ikanyunyiza dawa ya fenthion katika sehemu wanazolala, na dawa hiyo, pamoja na kuwaua kwelea, inawadhuru pia mwewe na ndege wengine wanaokula mizoga yao. Ninayataja haya ili uone kwamba kila adui ana ukubwa wake na wakati wake, na dawa yake hutegemea hayo mawili. Kwelea huja mpunga ukiwa bado na maziwa ndani ya punje. Tukipanda wote kwa wakati mmoja, shamba zima hufikia hatua hiyo pamoja, ulinzi huwa wa majuma machache, na hasara hugawanyika. Anayepanda peke yake nje ya msimu huwakaribisha wote mezani kwake. Wenzetu wanaolima mtama wamerudia ule mwekundu wenye uchungu, kwa kuwa ndege huuacha wakipata mweupe kwingine.

Sasa rudi kwa wanyama wako. Fuko hafikiwi na risasi ya aina yoyote, ya dukani wala ya nyumbani, kwa sababu hatoki nje. Udhaifu wake ni kwamba havumilii njia yake ikae wazi. Ukifukua sehemu ya handaki jipya na kuruhusu mwanga na hewa kuingia, atakuja kuziba, na hapo ndipo mtego huwekwa. Watega fuko wa nyanda za juu huchomeka fimbo mbichi inayopinda, huifunga kamba yenye kitanzi cha waya, na kitanzi hicho hukaa ndani ya handaki kikilingana na ukuta wake, huku kizibo cha udongo kikiwa kimefungwa kwenye kamba inayoizuia fimbo. Fuko akisukuma udongo ili azibe, kamba hulegea, fimbo hunyooka, kitanzi hukaza. Wapo vijana wanaoifanya kazi hii kwa malipo, nao huijua vizuri kuliko mimi ninavyoweza kuandika. Waulize majirani.

Nungu hutembea usiku, na hupita njia ileile kila siku. Yeye hachupi ua, bali huchimba chini yake, hivyo wavu wa waya usiozikwa ni kazi bure. Uzike sentimita 30 au zaidi, na upinde sehemu ya chini ielekee nje. Ukishindwa kuzungusha shamba lote, zungusha viazi peke yake na uache ngano.

Nyani ndiye mgumu, nami sitakudanganya kwamba kuna dawa ya mara moja. Ana akili, hukuhesabu, na hujua tofauti kati ya mtu na sanamu ya matambara. Kinachofanya kazi ni watu, tena wanaobadilishana zamu kati ya mashamba jirani, wakiwa na mbwa, na kufika shambani kabla yeye hajafika. Kisha acha ukanda wa mimea asiyoitaka upande wa msitu, kama vile pilipili au chai, ili avuke mahali pa wazi anapoonekana. Nyani hapendi kuvuka mahali pa wazi akiwa ameonekana.

Mkulima wa Njoro anaandika tena:

Ninawashukuru kwa moyo wote. Habari ya fuko na wavu wa nungu nitaifanyia kazi juma hili. Limebaki swali moja. Binamu yangu anakuja mwezi wa kumi na mbili, naye amejitolea kuniletea boksi moja la risasi alizotengeneza kwa mkono wake, niwape walenga shabaha wa hapa wanaomiliki raifeli ya aina hiyo wazijaribu kwenye uwanja wa kulengea. Kwa kuwa hazitatumika kwa mnyama yeyote, je, kuna ubaya?

Mwana wa Kaimosi, aliyeko Marekani, anajibu:

Ndugu, mwandikie leo umwambie asizibebe. Risasi zilizoundwa nyumbani hupimwa kwa mtutu mmoja. Huenda kipimo kilicho salama katika chumba cha bunduki yake, chenye koo (mwanzo wa mtutu) lililokwisha kuliwa na moto wa baruti, kikawa shinikizo la kupita kiasi katika bunduki nyingine ya jina lilelile yenye chumba kilichobana. Huku kwetu mtu mwenye adabu hapigi risasi iliyotengenezwa na mtu mwingine, hata kama ni ndugu yake wa damu, na mtengenezaji mwenye adabu hazigawi.

Mlenga Shabaha wa Nakuru anajibu:

Nami naongezea upande wa sheria. Risasi haziingii nchini bila kibali cha kuziingiza kilichotolewa kabla ya safari, na boksi lisilo na alama ya kiwanda likipatikana uwanja wa ndege, binamu yako atakuwa na la kujibu kabla hajakusalimu. Akitaka kukuletea kitu kutoka katika meza yake ya kazi, akuletee ile darubini ya kuangalia shabaha, isiyofungwa kwenye bunduki. Utaitumia alfajiri kuwaona nyani wakiwa bado ukingoni mwa msitu, na vijana wako wa zamu watapata muda wa kujipanga.